Mwalimu Mgeni, Mwalimu Mwenyeji: Kazi ya Kufundisha Lugha katika Historia ya Likasi

Kazi ya kufundisha lugha katika nchi ya kigeni aghalabu huhusishwa na vijana wa Uingereza na Marekani ambao, wamalizapo chuo, huenda Asia au Afrika kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja au miwili. Historia ya Likasi, mji wa migodi ulio kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi katika jimbo la Haut-Katanga, inaonyesha kwamba soko hilo ni la zamani zaidi, na kwamba wauzaji wake hawakuwa wazungu peke yao. Inaonyesha pia kuwa thamani ya mwalimu wa lugha huko ilitegemea mfuko uliomlipa kuliko ujuzi aliokuwa nao.

Kiingereza kilifika Katanga kwa reli. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove, jirani ya Likasi, mwaka 1913. Koloni lilikuwa la Wabelgiji, lakini makaa ya mawe, mitambo na wasimamizi wengi vilipitia kusini. Wafanyakazi Waafrika waliandikishwa kwa wingi na kampuni ya Robert Williams katika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Miongoni mwao walikuwamo waliosoma katika shule za misheni za Waskoti, mathalani Livingstonia, na hao walipata kazi za ukarani. Karani kama huyo hakuwa na cheo cha ualimu, lakini riziki yake ugenini ilitokana na lugha: aliweza kusoma hati ambazo mwenziwe wa shimoni hakuweza kuzisoma, na kwa hiyo alilipwa zaidi.

Wabelgiji hawakufurahishwa na hali hiyo. Waliona kwamba Katanga ilikuwa inageuka kuwa mkia wa Afrika ya Waingereza. Johannes Fabian, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji, ameeleza kwamba kuchaguliwa kwa Kiswahili kuwa lugha ya kazi kulihusiana na nia ya kuukata uzi huo wa kusini. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo, maana Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya Wasanga walioishi katika nchi ya Likasi, wala ya Wabemba au Waluba waliokuja kufanya kazi huko. Hata hivyo kilishika. Katika miaka ya 1920 kampuni iligeukia Lomami, Rwanda na Burundi kutafuta watu, na mapema katika miaka ya 1930 uandikishaji wa Williams ulikoma. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, na mwaka 1931 mji ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot.

Hapo ndipo anapoonekana mwalimu ambaye vitabu vya historia ya elimu humwacha nje. Mbelgiji aliyetoka Liège au Antwerpen alihitaji Kiswahili ili atoe amri kazini, na nyumbani alikihitaji ili apate chakula chake. Vijitabu vya msamiati vilikuwapo, lakini lugha haijifunzwi kwa vijitabu tu. Ilijifunzwa jikoni na uani, kutoka kwa mtumishi aliyeitwa boi hata akiwa na mvi. Mtumishi huyo hakulipwa hata senti moja kwa masomo hayo. Kiswahili ambacho bwana wake alikipata kilikuwa cha amri tupu, na kwa hilo mwalimu hapaswi kulaumiwa. Bahati njema ni kwamba watumishi wenyewe waliacha ushahidi: mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga, ambayo Fabian aliichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990. Ni miongoni mwa maandishi machache ya enzi hiyo ambamo boi anamsimulia bwana, badala ya bwana kumsimulia boi.

Wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani, wakiongozwa na John Springer na mkewe Helen, walikuwa Katanga tangu miaka ya 1910, na Mulungwishi, karibu na Likasi, pakawa kituo chao kikubwa cha elimu. Lugha yao wenyewe haikuwafaa kitu darasani. Serikali ilitaka Kifaransa, na wamisionari Waprotestanti walipitia Ubelgiji kujifunza lugha hiyo kabla ya kuingia Kongo.

Uhuru wa mwaka 1960 uliibadilisha hesabu. Kongo ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno, na walimu wengi Wabelgiji waliondoka. UNESCO ikasaidia kuandikisha walimu wa sekondari kutoka nchi mbalimbali, wakiwamo Wahaiti kwa mamia, ambao walitafutwa kwa sababu walijua Kifaransa na walikuwa weusi. Mwaka 1966 Jadotville ikaitwa Likasi. Mwaka uliofuata ulianzishwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na Kiingereza, kilichokuwa kimefukuzwa mgodini, kikarudi kikiwa somo la shule.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1991 Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani, lilipeleka vijana Zaire, baadhi yao wakiwa walimu wa Kiingereza. Wengi hawakuwa wamesomea ualimu. Shahada na mafunzo mafupi vilitosha. Waliopangiwa mashariki na Shaba walifundishwa kwanza Kiswahili, safari hii na walimu wenyeji waliolipwa kwa kazi hiyo, tofauti kabisa na boi wa Jadotville. Posho ya kijana huyo ilitoka Washington, nayo ilifika. Mwenzake Mzaire, aliyehitimu katika idara ya Kiingereza ya Lubumbashi, alifundisha somo hilohilo kwa mshahara ambao mfumuko wa bei uliula kabla haujamfikia. Si haki kuwabeza vijana hao, ambao wengi wao walifanya kazi kwa moyo. Lakini si haki vilevile kusema kwamba walijaza pengo la ujuzi, kwani pengo lililokuwapo wakati huo lilikuwa la mishahara.

Wakati huohuo Likasi ilikuwa imekwisha kumtoa mwalimu wake mwenyewe kwenda ugenini. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville tarehe 8 Desemba 1941, alikuwa profesa Lubumbashi na mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Kuelekea mwaka 1980 aliiacha nchi kwa kutotaka kuutumikia utawala wa Mobutu, akaenda Marekani, akafundisha Haverford, Stanford na Duke. Kitabu chake kilichojulikana kuliko vyote, The Invention of Africa, alikiandika kwa Kiingereza na kilitoka mwaka 1988. Alifariki Aprili 2025.

Walimu waliobaki Likasi hawakupata bahati hiyo. Mnamo Septemba 1991, askari walipopora Kinshasa, Peace Corps iliondoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Makumi ya maelfu walirundikana penye stesheni ya Likasi na majengo ya jirani wakingoja treni, na miongoni mwao walikuwa walimu wengi. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulianguka chini ya 50,000 mwaka 1994. Tangu miaka hiyo wazazi ndio waliowalipa walimu.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilizileta kampuni za kigeni. Mgodi wa Tenke Fungurume, magharibi ya Likasi, ulianza kutoa shaba mwaka 2009 chini ya kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan, kabla ya kuuzwa kwa Wachina mwaka 2016. Kiingereza kikawa tena lugha ya kutafutia kazi mgodini, na aliyekuwa akikifundisha jioni, kwa ada za wanafunzi wake, alikuwa Mkongomani.