Matendo Kwanza: Miaka 150 ya Jumuiya ya Maadili ya New York

Tarehe 15 Mei 1876, katika ukumbi wa Standard Hall jijini New York, kijana wa miaka 24 aitwaye Felix Adler aliwaomba waliokuja kumsikiliza waanzishe jumuiya ya aina yake. Watu wangekutana kila Jumapili bila sala, bila ibada, na bila kuulizana nani anaamini nini juu ya Mungu. Anayemwamini angekaribishwa, na asiyemwamini vilevile. Kitakachowaweka pamoja ni kazi: kuishi kwa haki na kuwatendea wengine haki, hapo mjini kwao, macho yakiona.

Adler hakutoka mbali na dini. Baba yake, Samuel, alihama kutoka Alzey, Ujerumani, mwaka 1857 kuja kuwa rabi wa Temple Emanu-El, sinagogi kubwa la New York, na ilitazamiwa mwana ndiye atakayerithi mimbari. Alipelekwa Ujerumani akasome, akarudi na shahada ya udaktari kutoka Heidelberg. Oktoba 1873 alisimama kuhubiri mbele ya waumini wa baba yake. Alisema juu ya haki na juu ya dini itakayowafaa watu wote, lakini Mungu hakumtaja. Waliokuwepo waliliona hilo, na mahubiri hayo hayakuwa na ya pili. Alifundisha Chuo Kikuu cha Cornell kwa muda, kisha akarudi mjini na wazo lake.

Mwaka wenyewe haukuwa wa kawaida. Marekani ilikuwa inajiandaa kusherehekea miaka 100 ya uhuru. Miezi michache baadaye uchaguzi wa rais kati ya Hayes na Tilden uliishia kwenye mzozo, na mapatano yaliyoumaliza mwaka 1877 yakawaacha raia weusi wa majimbo ya Kusini bila ulinzi wa serikali kuu. New York nayo ilikuwa bado inauguza majeraha ya William Tweed, kigogo wa Tammany Hall, kundi la wanasiasa lililotawala jiji, aliyeigeuza hazina ya jiji kuwa mfuko wake; Novemba 1876 alirudishwa kwa meli kutoka Hispania alikokuwa ametorokea. Wakati kama huo, mtu mwenye elimu na nafasi huona njia rahisi ni kusema siasa ni uchafu, akafunga mlango wake. Adler aliikataa njia hiyo tangu siku ya kwanza. Kwake, uraia haukuwa kazi ya siku ya kupiga kura tu. Ulikuwa ndio mahali ambapo wema wa mtu unapimwa.

Wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji maelezo mengi hapa, kwa sababu tunalo neno utu. Adler alilifikia wazo hilo kwa kumsoma mwanafalsafa Kant: kwamba binadamu hana bei na hafanywi chombo cha mwingine. Alichoongeza yeye ni kwamba wazo hilo likibaki ukumbini siku ya Jumapili, limekufa.

Ndiyo maana kazi zilianza mapema. Mwaka 1877 Jumuiya ilianza kuwatuma wauguzi kwenye nyumba za maskini, wapande ngazi hadi chumbani kwa mgonjwa asiyeweza kufika hospitali. Mwaka 1878 ikafungua chekechea ya bure kwa watoto wa wafanyakazi. Mwaka 1880 chekechea ikazaa shule, ambako mtoto wa fundi alisoma hesabu na sayansi huku akishika randa na nyundo, kwa imani kwamba mkono na akili hufundishana.

Shule hiyo inastahili kusemwa kwa ukweli wote, maana kumbukumbu isiwe sifa tupu. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi. Gharama zilipopanda, mwaka 1890 ikaanza kupokea watoto wa wanaolipa ada, na mwaka 1895 jina la shule ya wafanyakazi likaondolewa. Ilitoa wanafunzi wakubwa, akiwemo J. Robert Oppenheimer aliyehitimu mwaka 1921. Leo ada yake ni miongoni mwa ada kubwa za shule jijini. Kwangu mimi hilo ni pengo kati ya nia na matokeo, na naamini Jumuiya inayojipima kwa matendo inapaswa kulitaja kila inapohesabu miaka yake.

Makazi ya maskini nayo hayakuachwa. Adler aliingia katika tume ya jimbo iliyochunguza nyumba za kupanga mwaka 1884, kisha kampuni iliyoanzishwa kwa hamasa yake ikajenga nyumba bora kwenye mtaa wa Cherry. Mwanafunzi wake Stanton Coit alikwenda kuishi miongoni mwa wahamiaji wa mtaa wa Lower East Side jijini New York na mwaka 1886 akaanzisha kituo cha ujirani, cha kwanza cha aina hiyo Marekani. Jumuiya za namna hii zikachipua Chicago, Philadelphia na St. Louis, na mwaka 1889 zikaunda umoja wao.

Lakini kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya kuiheshimu katika miaka hii 150, ningechagua vita dhidi ya ajira ya watoto.

Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watoto wapatao milioni 1.75 wa umri wa miaka 10 hadi 15 waliokuwa wakifanya kazi nchini Marekani. Walikuwa kwenye viwanda vya nyuzi za pamba, migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya vioo na mashambani. Aprili 1904 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kupinga Ajira ya Watoto, Adler akiwa mwenyekiti, kiti alichokikalia hadi 1921. Mmoja wa waliomsukuma kuiunda alikuwa Edgar Gardner Murphy, kasisi kutoka Alabama. Kasisi wa Kusini na mtu aliyeacha mimbari ya baba yake walikaa meza moja, na hakuna aliyemtaka mwenzake abadili imani kwanza ndipo wamtetee mtoto.

Kamati ilihitaji macho. Ilimpata Lewis Hine, mwalimu wa shule ileile ya Jumuiya, aliyezoea kuwachukua wanafunzi wake hadi Ellis Island kupiga picha za wahamiaji wakiwasili. Mwaka 1908 aliacha ualimu akaanza kuzunguka nchi na kamera yake. Wenye viwanda hawakumtaka, kwa hiyo mara nyingine aliingia akijidai ni muuza Biblia au mkaguzi wa mambo ya moto. Alikuwa amepima kila kifungo cha koti lake kilivyo juu kutoka ardhini. Mtoto akisimama mbele yake, Hine aliangalia utosi umefika kwenye kifungo cha ngapi, akajua urefu wake, na kutokana na urefu akakisia umri. Maelezo aliyaandika mkono ukiwa mfukoni, asionekane. Hivyo ndivyo ulivyokusanywa ushahidi kuhusu wasichana waliosimama kati ya mashine za pamba wakiwa wadogo kuliko mashine zenyewe, na wavulana wa Pennsylvania waliochambua makaa wakiwa wameinama kutwa, vumbi likiwajaa puani. Picha zaidi ya 5,000 za kazi hiyo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, Washington.

Sheria ilikuja kwa kusuasua. Mwaka 1916 Bunge lilipitisha ya kwanza, na mwaka 1918 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta kwa kura tano dhidi ya nne. Mwaka 1924 Bunge likapendekeza marekebisho ya Katiba, lakini majimbo yaliyoyaridhia hayakutosha. Ni mwaka 1938 tu, chini ya Rais Franklin Roosevelt, ilipopatikana sheria iliyosimama. Adler alifariki Aprili 1933, na hakuiona.

Watu wa Jumuiya waliingia pia katika kutetea haki za watu weusi. Mapema mwaka 1909, baada ya watu weusi kuuawa na nyumba zao kuchomwa moto Springfield, Illinois, mji wa Abraham Lincoln, watu watatu walikutana katika nyumba moja New York kupanga la kufanya. Mmoja wao alikuwa Henry Moskowitz, kijana wa Lower East Side aliyelelewa katika kazi za Jumuiya. Mwito walioutoa tarehe 12 Februari, siku ilipotimia miaka 100 tangu Lincoln azaliwe, ndio uliozaa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Kati ya waliotia sahihi, pamoja na W. E. B. Du Bois na Ida Wells-Barnett, alikuwemo John Lovejoy Elliott, kiongozi wa Jumuiya aliyeishi miaka mingi miongoni mwa maskini wa mtaa wa Chelsea. Huyu Elliott, mwaka 1938, akiwa mzee, alisafiri hadi Vienna kuwaomba Wanazi wawaachilie viongozi wawili wa jumuiya ya huko, na wakaachiliwa.

Swali la imani na uraia lilifika mahakamani baadaye. Roy Torcaso wa Maryland aliteuliwa kuwa mthibitishaji wa nyaraka, kazi ya kushuhudia sahihi za watu, akanyimwa kwa sababu alikataa kutamka kwamba anaamini yupo Mungu. Juni 1961 Mahakama Kuu iliamua kwa kauli moja kwamba hakuna raia anayeweza kuwekewa sharti hilo ili atumikie umma. Katika maelezo ya chini ya hukumu, harakati aliyoianzisha Adler imetajwa kwa jina.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyebeba mzigo wa Jumuiya alikuwa Algernon Black, aliyezaliwa mwaka 1900 na kusomeshwa katika shule ya Jumuiya kwa ufadhili. Mwaka 1946 yeye na Alice Pollitzer walianzisha Kambi ya Uraia. Kwa majuma sita ya kiangazi vijana wa rangi, dini na majimbo tofauti walilala, wakala na kubishana pamoja, miaka minane kabla mahakama haijakataza ubaguzi mashuleni. Eleanor Roosevelt aliiunga mkono waziwazi, akawa anawakaribisha vijana hao kwake Hyde Park.

Julai 1966 Meya John Lindsay alimteua Black kuongoza bodi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya polisi. Wajumbe walikuwa saba, wanne raia na watatu maofisa wa polisi. Kwa mara ya kwanza mtu aliyepigwa au kutukanwa na askari angesikilizwa na wengi wasiovaa sare. Chama cha askari kilidai kura ya maoni na kufanya kampeni kali. Bango lao lililojulikana zaidi lilimwonyesha mwanamke kijana mweupe akitoka peke yake kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, usiku, mtaa ukiwa mtupu. Hakukuwa na haja ya kueleza aogopwe nani. Maseneta wawili wa New York, Robert Kennedy na Jacob Javits, waliitetea bodi, lakini Novemba zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura waliikataa. Ilikuwa haijatimiza hata miezi sita.

Black aliandika kitabu juu ya aliyoyaona ndani ya bodi ile, akarudi kwenye jukwaa la ukumbi wa mtaa wa 64, jengo la Jumuiya tangu 1910, akiendelea kuzungumza siku za Jumapili juu ya makazi, ubaguzi na polisi. Mwaka 1993 jiji lilianzisha bodi mpya, safari hii wajumbe wote wakiwa raia. Algernon Black alifariki mwaka huohuo, akiwa na miaka 92.