Shoroba za Misitu ya Usambara

Ushoroba ni ukanda wa uoto wa asili unaounganisha misitu iliyotenganishwa na mashamba au makazi, ili wanyama wahame na mbegu zisambae. Katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ambayo ni sehemu ya safu ya milima ya Tao la Mashariki, mpango wa kutenga shoroba ni wa lazima, kwa kuwa misitu imebaki vipande vipande kati ya vijiji, na utafiti wa mwanaikolojia William Newmark umeonyesha kwamba ndege wengi wa sakafu ya msitu hawathubutu kuvuka maeneo ya wazi, hivyo hutoweka katika vipande vidogo.

Mfano mashuhuri ni Derema, Usambara Mashariki, ukanda unaounganisha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, na misitu ya kaskazini. Wakulima zaidi ya 1,000 waliolima humo iliki, zao linalostawi chini ya kivuli cha miti, walilazimika kuacha mashamba yao kwa fidia ukanda huo ulipohifadhiwa, na malalamiko kuhusu fidia hiyo yanathibitisha kwamba hifadhi isiyotenda haki kwa wenyeji haina msingi imara.

Upande wa magharibi, wilayani Lushoto, Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba imezungukwa na mashamba ya Wasambaa, wanaotegemea maji yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kutenga misitu yao na kushiriki kusimamia ya serikali, njia inayostahili kupewa uzito katika kila mpango wa ushoroba.