Eti ya enzi za Mjerumani? Mashine ya kahawa kama ushahidi wa historia

Kwenye kabati la shangazi, Moshi, kuna kisanduku cha mbao chenye droo ndogo chini na mpini wa chuma juu. Ni mashine ya mkono ya kusagia kahawa. Tangu utotoni nimesikia hadithi yake: eti babu yake shangazi alizawadiwa na mlowezi wa Kijerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa utumishi mwema. Desemba iliyopita binamu yangu alitaka kuitoboa aifanye taa ya mezani. Nikamwomba anipe siku moja niichunguze kwanza.

Kukadiria umri wa kifaa cha zamani si lazima uwe na maabara. Unatafuta alama ambayo isingeweza kuwepo kabla ya mwaka fulani. Umbo peke yake linadanganya, maana mashine hizi zimebadilika kidogo sana. Familia ya Peugeot, haohao wa gari la Pijo ambalo wazee wetu wanalijua, ilianza kutengeneza mashine za kahawa Ufaransa mwaka 1840, karibu nusu karne kabla ya gari lao la kwanza. Na kanuni ni ileile hadi leo: koni ya chuma yenye meno inazunguka ndani ya pete yenye meno. Punje huvunjwa juu, kisha husagwa chini ambako nafasi ni nyembamba.

Nikaigeuza. Skrubu mbili za chini zilikuwa za nyota. Aina hiyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1936, kwa hiyo haikuwepo enzi za Mjerumani. Lakini subiri, skrubu hubadilishwa na fundi yeyote. Ushahidi huo peke yake hautoshi.

Nikafuta kibati cha mbele kwa kitambaa. Chini ya uchafu yakatokea maandishi: "W. Germany", yaani Ujerumani Magharibi. Kibati kimepigiliwa kwa misumari midogo isiyo na dalili ya kung'olewa. Sasa, Ujerumani Magharibi ilianza mwaka 1949, wakati utawala wa Wajerumani hapa kwetu ulivunjika katika vita ya 1914 hadi 1918. Kumbe mashine ni ya Mjerumani kweli, ila si ya enzi zake!

Basi ilifikaje nyumbani? Chama cha ushirika cha KNCU kilikuwepo tangu 1933, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 bei ya kahawa duniani ilipanda sana. Inawezekana aliyeinunua ni mkulima mwenyewe, kwa hela ya kahawa yake. Kibati hakithibitishi hilo. Kinakanusha tu hadithi ya zawadi.

Niliogopa kumwambia shangazi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba alikuwa akisema aliilipia kidogo kidogo, msimu hadi msimu. Sisi tukadhani anatania."

Maneno hayo tulikuwa nayo miaka yote. Hatukuyasikiliza kwa sababu hadithi ya zawadi ya mzungu ilionekana kubwa zaidi.

Taa imeahirishwa. Tumeipa mashine kazi nyingine: kusaga pilipili manga. Ukitaka kufanya hivyo, piga picha alama zote kwanza, kisha safisha meno kwa brashi kavu, kwa sababu maji huleta kutu. Usisage chumvi, nayo hula chuma. Nati iliyo karibu na mpini ndiyo inayoamua ulaini wa unga. Na kama imepakwa rangi ya zamani, usiikwangue wala kuipiga msasa: rangi nyingi za zamani zina risasi, ambayo ni sumu. Ya namna hiyo ibaki pambo.

Yetu ni mbao tupu. Mchuzi wa Jumapili umeshanufaika, na binamu anatafuta kitu kingine cha kutoboa.