UZI: Kalamu ya kutoa alama iko mkononi mwa nani?

Kila kukiwa na mdahalo wa elimu kwenye runinga, swali ni lilelile: walimu wapimwe au wasipimwe? Upande mmoja washangilia, mwingine wazomea, kipindi chaisha. Mimi nasoma sayansi ya siasa, niko hapa Magongo, na kwangu swali hilo ni bovu. Mwalimu Kenya amepimwa tangu zamani. Ugomvi ni nani anampima, na akionewa akalalamike wapi. (Sitaji mwanasiasa wala chama cha siasa, kwa hivyo msiniletee rangi zenu kwenye majibu.)

Wakati wa ukoloni mwalimu wa shule ya misheni aliajiriwa na misheni. Meneja wa shule ndiye aliyempa kazi na ndiye aliyeweza kumfuta, na kosa halikuwa lazima liwe la darasani. Kuoa mke wa pili kungetosha. Wengine walikuwa chini ya serikali za mitaa, kila mahali na masharti yake. KNUT ilipoanzishwa 1957, dai lake kubwa likawa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Walisukuma mpaka 1967 Bunge likaunda TSC.

Mwaona hapo? TSC ni ushindi wa walimu wenyewe. Waliitaka iwakinge na meneja. Leo ukisikia "TSC dhidi ya walimu", kumbuka ni mtoto wao wanayegombana naye.

Ugomvi wa sasa ulipamba moto 2016, TSC ilipoanza kutumia TPAD nchi nzima. Mwalimu ajipa alama mwenyewe, kisha mkubwa wake shuleni ampa zake, na zote zaingizwa mtandaoni. Maandalio ya somo, vipindi alivyokosa, vyote vyatakiwa. Ingia saiba yoyote hapa Magongo mwisho wa muhula utawakuta, makaratasi mkononi, wakingoja mtandao urudi. KNUT iliipinga wazi, mpaka wakafika mahakamani.

Sasa, mimi sisemi tathmini ni mbaya. Mzazi ana haki kujua kama mwalimu aingia darasani. Lakini turudi nyuma kidogo. 1998 serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya, isipokuwa kujaza nafasi za waliotoka. Miaka mitano baadaye, 2003, karo ya msingi ikafutwa na wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Jambo zuri sana, ila walimu hawakuongezeka hivyo. Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia "tutawapima kwa matokeo", muulize: alama hiyo yahesabu darasa lina watoto wangapi?

Uingereza walijaribu haya 1862. Pesa za shule zikafungwa kwenye mtihani wa mkaguzi: kusoma, kuandika, hesabu. Walimu wakawakaririsha watoto yale ya mtihani, mengine yakawekwa kando. Kabla karne ile kwisha mpango ukatupwa.

Chuo kikuu ni kalamu ileile, mkono mwingine. Kwa miongo mingi Rais wa nchi ndiye alikuwa Chansela wa kila chuo cha umma, na Naibu Chansela aliteuliwa naye. Wahadhiri walipogoma mwisho wa 1993 wakitaka chama chao kisajiliwe, serikali ilikataa na baadhi ya viongozi wao wakafutwa kazi. Baada ya uchaguzi wa 2002 Rais akaacha uchansela, na 2003 UASU ikasajiliwa.

Tukadhani yamekwisha. 2018 sheria ikabadilishwa, kuwahoji wanaotaka unaibu chansela kukapelekwa Tume ya Utumishi wa Umma. Januari 2020 baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi likatangaza Naibu Chansela. Siku chache baadaye waziri akafuta uteuzi na kulivunja baraza lenyewe. Ilibidi mahakama iingilie ndipo aliyeteuliwa akarudi ofisini.

Na sisi huku? Chuo cha Tudor, TUM, kilianza kama MIOME mwisho wa miaka ya 1940, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana Waislamu wa pwani wapate ufundi. Kikawa politekniki, na 2013 kikapata hati ya chuo kikuu kamili. Tangu hapo mwenyekiti wa baraza na wajumbe wengi wateuliwa na waziri Nairobi.

Na bado kila kiti cha juu kikiwa wazi, mdahalo wa Mombasa ni mmoja tu: awe mwenyeji! Sawa, awe mwenyeji. Lakini mwenyeji huyo akikosana na waziri, nani atamtetea, kama baraza lote laweza kuvunjwa kwa tangazo moja? Hilo sijamsikia mgombea hata mmoja akiulizwa.