Kobai ndani ya nyumba: harufu inatoka wapi na namna ya kuipunguza

Katika vijiji vingi vya Sud-Kivu, na hata katika nyumba za mjini Bukavu, kobai (wengine wanamuita dende) analala ndani pamoja na watu. Haiko uvivu wa kujenga. Ng'ombe na mbuzi walinyang'anywa mara nyingi wakati wa vita, lakini kobai anafichika chini ya kitanda, na siku ya kukimbia anaingia ndani ya kikapu. Mwizi wa usiku naye hamfikii kirahisi. Ndiyo maana shauri la kusema "mujenge kibanda inje" haliwafai watu wengi. Kazi inayobaki ni kupunguza harufu palepale watoto wanapolala.

Harufu ile yenye kuchoma macho inatokana na gesi ya amoniaki. Kinyesi cha kobai kikiwa kikavu hakinuki sana. Shida ni mkojo. Ndani yake muko urea, na mikrobe zinazoishi kwenye kinyesi na majani yaliyooza zinaigeuza kuwa amoniaki. Mikrobe hizo zinapenda unyevu na joto. Kwa hiyo mkojo wa leo haunuki sawa na wa juzi, na mahali pakavu harufu inachelewa kuja.

Mwenye nyumba mara nyingi hasikii tena harufu, juu pua inazoea. Afazali kuuliza mgeni, ao mtu ainame asubuhi akitoka inje, aweke uso wake karibu na sakafu pale wanyama wanapopumua. Macho yakichoma, ujue kobai wanaumia tayari: amoniaki inaharibu njia ya hewa na kufungulia homa ya mapafu mlango. Mtoto mchanga anayelala jikoni anavuta hewa hiyohiyo, na moshi wa makala juu yake.

Kitu cha kwanza ni matandiko. Maranda makavu ya seremala, yale yanayobaki akipiga randa, yanafaa sana. Unga mwembamba wa msumeno unanyonya vizuri lakini vumbi lake linaingia puani. Pasipo seremala, nyasi kavu zilizokatwakatwa ao maganda ya mpunga vinasaidia. Yatandikwe kwa unene wa vidole vitatu ao vinne. Kobai wanapenda kukojoa kwenye pembe moja ao mbili. Pembe hizo zitolewe kila siku mbili, na matandiko yote yabadilishwe kila juma. Mwenye kungoja mwezi mzima anafanya kazi kubwa zaidi, na harufu inabakia ndani ya udongo wa sakafu.

Sasa kuhusu majivu, ambako watu wengi wanakosea. Wanamwaga majivu ao chokaa juu ya matandiko yaliyolowa, halafu wanashangaa harufu kuzidi usiku uleule. Sababu ni hii: majivu na chokaa vinafukuza amoniaki kutoka kwenye unyevu, inapanda hewani yote mara moja. Majivu ni mazuri, lakini nafasi yake ni kwenye sakafu iliyokwisha kufagiliwa na kukauka, chini ya matandiko mapya. Hapo yanakausha na kupunguza wadudu.

Kwenye mbao ao simenti, mkojo wa kobai unaacha alama nyeupe kama chokaa, na alama hiyo inashika harufu. Maji matupu hayaitoi. Vinegre ao maji ya ndimu inailainisha. Iachwe dakika chache, isuguliwe, ikaushwe juani. Javeli isimwagwe kamwe juu ya mkojo, wala isichanganywe na vinegre ao ndimu. Michanganyiko hiyo inatoa gesi zenye sumu, na ndani ya chumba kidogo mtu anaweza kuanguka. Anayetaka kutumia javeli aoshe kwanza kwa sabuni na maji mengi, wanyama na watoto wakiwa inje.

Hata matandiko mazuri yanashindwa wanyama wakizidi. Katika Peru, ambako kobai anafugwa tangu zamani, kiboma cha metre 1 kwa metre 1 na nusu kinapewa majike 10 na dume 1, na ukuta wa santimetre 45 unatosha juu kobai haruki vizuri. Hesabu inabadilika haraka: mimba inachukua siku karibu 68, na jike anazaa mara nyingi watoto 2 mpaka 4. Majike 10 wanaweza kuongeza watoto 20 na zaidi kwa mara moja. Watoto wa kiume watengwe wakiwa na majuma 3, halafu wauzwe ao waliwe. Madume wengi pamoja wanapigana, na wanapakaza harufu yao kila mahali ili kuonyesha eneo.

Chakula nacho kinahusika. Majani yanayotupwa chini yanakanyagwa, yanakojolewa, yanaoza. Kitunga cha fito kilichotundikwa ukutani, chini kidogo, kinaokoa majani na matandiko pia. Majani yenye umande yaachwe kwanza yanyauke kivulini, maana majani yenye maji mengi yanaleta kuhara. Lakini majani mabichi yasikatwe kabisa kwa sababu ya kuogopa unyevu: mwili wa kobai hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akikosa majani mabichi majuma machache anagonjwa.

Hewa ipite juu, si chini. Tundu mbili karibu na manjanja, moja kila upande, zenye wavu wa chuma, zinatoa gesi bila baridi kupiga wanyama wala mkono wa mwizi kuingia. Wavu huo unazuia panya pia. Mabaki ya chakula cha usiku yanawaita, na katika Ituri, hasa upande wa Rethy ambako tauni inajulikana tangu miaka mingi, viroboto wa panya ndio wanaileta ndani ya nyumba. Panya aliyejifia karibu na kiboma asishikwe kwa mkono. Kituo cha afya kijulishwe.

Matandiko yaliyotolewa yarundikwe mbali na mlango, yafunikwe kwa majani ya ndizi na udongo kidogo. Rundo lisilofunikwa linapoteza amoniaki hewani, na hiyo amoniaki ndiyo azote ambayo lenga-lenga na shu zinahitaji. Baada ya miezi 2 ao 3, likiwa jeusi na halina joto tena ndani, linaingia shambani.