Utumwa, vita na hati ya shamba: uzi kwa wanaobishana kuhusu maskwota wa Pwani

1/ Kila uchaguzi ukikaribia, huku Mombasa bara mjadala ni ule ule. Huyu asema maskwota ni wavamizi, yule asema ni wenyeji walioporwa. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu turudi nyuma, maana mzizi mmoja wa ugomvi huu ni utumwa.

2/ Wengi twajua Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe 1861–1865. Majimbo 11 yaliyotaka kulinda utumwa yalijitenga, na watu zaidi ya 600,000 wakafa. Je, sisi?

3/ Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Lakini kumiliki mtumwa kulibaki halali. Mashamba ya Malindi, Takaungu na Gazi yakaendelea kulimwa na watumwa.

4/ Mwaka 1875 wamishonari wa CMS wakaanzisha Frere Town, Kisauni, makao ya watumwa waliookolewa majahazini. Kengele yao ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Watoro wa mashambani nao wakaanza kukimbilia kwa wamishonari, hapo na Rabai. Mabwana wakawaka. Mwaka 1880 walitishia kuivamia Frere Town.

5/ Kampuni ya IBEA ilipoingia 1888 ilikuta Rabai imejaa watoro. George Mackenzie akaona heri alipe kuliko vita. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Angalieni hapo: pesa alipata bwana, mtumwa akapata karatasi. Ardhi haikutajwa.

6/ Vita vikaja tu, 1895. Liwali wa Takaungu alifariki, Waingereza wakamsimamisha mrithi wanayemtaka wao, na Wamazrui wengine wakakataa. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia vitani. Wapo wanaosema vilikuwa vita vya utumwa moja kwa moja. Siafiki. Cheche ilikuwa urithi wa madaraka, na ndani ya kundi la Mbaruk mwenyewe walikuwemo watoro. Lakini nguvu za mabwana zilisimama juu ya jasho la watumwa, na waliona nguvu hiyo yawaponyoka. Waingereza wakaleta askari kutoka India, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani.

7/ Baada ya hapo serikali haikutaka kuwaudhi tena wenye mashamba. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria 1897. Kwetu ilingojwa mpaka 1907, na fidia, tena, ikaenda kwa mabwana.

8/ Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye madai alete ushahidi. Sasa niambieni, mtu aliyekuwa mali ya mwenziwe mwaka jana angeleta ushahidi gani? Na Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo bila karatasi? Wengi walibaki kulima shamba la mtu kwa ruhusa. Hapo ndipo skwota alipozaliwa.

9/ Tusichanganye mambo. Si kila skwota wa Likoni au Changamwe ni mjukuu wa mtumwa, na si kila mwenye hati ni mjukuu wa bwana. Wako walionunua kwa jasho lao. Ndiyo maana kuchoma nyumba ya mtu si jibu, na kubomolea watu usiku si jibu.

10/ Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kwa hiyo akipanda mtu jukwaani kuahidi hati, muulizeni: hati ya kwanza ya shamba hili ilitolewa lini, kwa nani, na siku hiyo nani alikuwa anailima ardhi? Asiyeweza kujibu hilo, hana suluhisho.