Sheria ya Jumuiya inapoitangulia sheria ya nchi

KATIKA eneo la Bukhayo, mpaka wa Kenya na Uganda haujawahi kutenganisha jamaa na riziki. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, na anayevuka Busia au Malaba kwenda kufanya kazi ng'ambo huwa chini ya sheria mbili: ya nchi anayoingia na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, zikigongana, ipi hushika?

Jibu limo katika Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Novemba 30, 1999. Ibara ya 8(4) inaeleza kuwa sheria za Jumuiya hutangulia zile za nchi wanachama zinazofanana nazo, katika masuala ya kutekeleza Mkataba huo.

Kuhusu ajira, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Ibara yake ya 10 inampa mwananchi wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi katika nchi nyingine, kufunga mkataba na kuishi huko akifanya kazi. Inakataza pia ubaguzi wa uraia katika ajira na ujira. Utumishi wa umma haumo, isipokuwa sheria ya nchi husika iruhusu.

Nguvu ya sheria hizi ilipimwa katika kesi ya wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi. Aprili 13, 2011, alizuiwa katika Uwanja wa Ndege wa Entebbe na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Uganda ilijitetea kwa sheria yake ya uhamiaji.

Katika hukumu ya Mei 17, 2013, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa kitendo hicho kilikiuka Mkataba na Itifaki. Uganda haikunyang'anywa uwezo wa kumzuia mgeni asiyetakiwa, lakini haikuweza kujificha nyuma ya mamlaka yake ya dola ili kukwepa wajibu iliojitwika kwa hiari.

Kesi hiyo ilihusu kuingia nchini, si ajira. Hata hivyo, inamgusa mfanyakazi moja kwa moja, kwani asiyeruhusiwa kuvuka mpaka hawezi kufika kazini.

Haki hii ina masharti. Nchi inaweza kuiwekea mipaka kwa ajili ya usalama au afya ya umma. Aidha, mwenye ajira ya zaidi ya siku 90 hutakiwa kuomba kibali cha kazi katika siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba.

Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri Arusha chini ya Ibara ya 30 ya Mkataba. Lakini muda ni miezi miwili tu tangu tendo lifanyike au alipopata habari zake. Anayezungushwa ofisi hadi ofisi huku akingoja kusikilizwa aihesabu miezi hiyo, isije ikapita na haki yake.